Umejiundia gari nyumbani? Liandae hivi kabla hujalipeleka kukaguliwa

Habari zenu wakuu. Toka lile gari letu dogo la wazi lianze kuonekana mitaani hapa Tanga watu wananisimamisha kila siku wananiuliza lilipitaje ukaguzi, nami nawajibu juu juu pale pale barabarani afu wao wanaenda kukata chuma na nusu ya maelezo, sasa nimeona nikae niandike yote sehemu moja. Naongelea gari la kujiundia, yaani chesisi umeichomelea mwenyewe au umeagiza seti ya vipande toka nje ukaviunga, na injini, gia boksi na difu umetoa kwenye gari jingine. Sisi, mimi na mpwa wangu, tulianza na Corolla KE70 iliyooza bodi yote ila injini yake ya 4K ilikuwa bado inavuta vizuri, tukaijengea chesisi ya mabomba ya pembe nne uani kwetu Makorora. Mwaka 2022 Masoud Kipanya alipoonyesha gari lake la umeme vijana wengi sana walipata moyo wa kujaribu vitu vyao, na nafurahi kweli nikiona hivyo, ila wengi wanakwama mwishoni, gari linawaka, linatembea uani, afu linakaa chini ya turubai miaka kwa sababu halikupita.

Sisi pia mara ya kwanza hatukupita na nitasema kwa nini, manake humo ndo kuna somo lote. Tulikuwa tumelifunga gari vizuri mno. Katikati pale panapopita propela na paipu za breki tulipiga bati la alumini na riveti kila sentimita tano, likapendeza kweli. Mkaguzi akainama na tochi yake akaangalia chini, akaangalia juu, akaniuliza, "Ndugu yangu, hii paipu ya breki inaingilia huku inatokea wapi?" Nikamwambia afande imepita humo ndani na imefungwa vizuri sana. Akasema, "Sawa, lakini mimi siwezi kusaini kitu nisichokiona." Hakuwa na ubaya wowote, na nilivyofika nyumbani nikakubali kwamba yuko sahihi mia kwa mia. Gari la kiwandani lina kiwanda nyuma yake kinacholijibia, la kwako halina mtu, lina wewe na kile anachokiona yeye kwa macho siku hiyo. Kwaiyo maandalizi yote ninayoandika hapa yanaenda sehemu moja, kila kitu kinachoweza kuua mtu kiwe kizima na kionekane kwamba ni kizima.

Anza na makaratasi, na hapa namaanisha kabla hujawasha hata grenda. Usajili wa gari uko TRA, usalama wake wanauangalia polisi wa usalama barabarani, nenda kote kuwili na mchoro wako na picha, waeleze unachotaka kufanya na uwaulize wanataka nini, na wakikuambia kitu omba kiandikwe. Ukienda mapema unapokelewa kama mtu anayeomba ushauri, ukienda na gari tayari limepakwa rangi unapokelewa kama mtu anayetaka kuwabana. Kadi ya lile gari ulilotoa injini uwe nayo, na mkataba wa mauziano, na uhakikishe namba ya injini iliyoandikwa kwenye kadi ndo ile ile iliyopigwa kwenye bloku, isafishe kwa brashi na mafuta ya taa mpaka isomeke, usiiguse na msasa wala grenda kwa sababu namba iliyokwaruzwa inafanana na namba ya wizi hata kama huna kosa lolote. Risiti za EFD za kila chuma, kila taa, kila tairi, zitunze kwenye faili moja. Na tafadhali sana, usije ukakata kile kipande chenye namba ya chesisi ya gari la zamani ukakichomelea kwenye chesisi mpya ili lionekane ni gari lile lile, fundi atakushauri hivyo kwa nia njema kabisa, ila hilo ni kosa la jinai na gari linaweza kukamatwa lisirudi.

Afu piga picha. Kila wiki, kila hatua, hasa vile ambavyo baadae vitafunikwa, kiungo cha chesisi kabla ya rangi, nyuma ya bati la mkanda, ndani ya tanki. Sisi tulikuwa na picha zaidi ya mia nne kwenye simu, tukachapisha kama thelathini tu zilizo muhimu tukaziweka kwenye lile faili, na mara ya pili mkaguzi alitumia muda mrefu kwenye faili kuliko kwenye gari.

Sasa kuhusu kipimo cha kufata. Uingereza ambako kujiundia magari nyumbani kumekomaa sana wana ukaguzi maalum wa magari ya namna hii unaitwa IVA, ulianza 2009 ukachukua nafasi ya ule wa zamani wa SVA, sa hivi unafanywa na DVSA, wakala wa serikali yao wa viwango vya madereva na magari. Kwetu huku hautumiki, usiende kwa trafiki ukamwambia habari za IVA, lakini mwongozo wao unapatikana bure kwenye intaneti na mimi niliutumia kama mwalimu wa pembeni, manake umeandikwa kwa ajili ya gari kama la kwako, linalojengwa moja tu na mtu mmoja. Gari ukiliandaa kwa kipimo kile, maswali mengi ya huku unakuwa umeshayajibu.

Breki. Hapa nitakaa kidogo. Paipu za breki ziwe za breki, narudia, za breki. Hapa mjini watu wanatumia shaba ya friji kwa sababu inakunjika kirahisi na fundi friji anayo rola nzima, sasa shaba ile haikutengenezwa kwa presha ya breki wala kwa mtikisiko, inachoka, inakatika siku unayoihitaji. Tafuta ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, ni ghali kuliko ya chuma ila huku pwani ndo inayofaa. Ya chuma upepo wetu wa chumvi unaila kwa nje taratibu, na ukiikagua unaona rangi tu kumbe chini ya rangi imebaki karatasi. Mdomo wa paipu upanuliwe kwa kifaa chake na ukunjwe mara mbili, yaani ukiuangalia kwa karibu unaona ukingo umejirudia ndani kama pindo la kanga, laini pande zote bila ufa. Ukiona kaufa hata kembamba kama unywele kata utoe mpya. Mpwa wangu alikata midomo kumi na moja kabla hajapata minne mizuri na sikumharakisha. Usiunge paipu kwa kuchomelea wala kwa risasi, iende nzima toka nati hadi nati.

Paipu ifungwe na klipu kila sentimita 30 isizidi, klipu iwe na mpira ndani isikwaruze, na ipite mbali na ekzosi na mbali na propela. Ile mipira ya kwenye magurudumu ndo inayosahaulika. Nyanyua gari kwa jeki, gurudumu lining'inie mpaka mwisho, kata usukani mpaka mwisho kulia, angalia mpira, kata kushoto, angalia, afu shusha lile gurudumu ulipandishe juu kabisa kama limeingia kwenye shimo (itabidi utoe springi kwa muda) na urudie tena kulia na kushoto. Mpira usivutike, usijikunje, usiguse tairi wala chuma. Paka chaki kwenye tairi na kwenye rimu, ukimaliza kuzungusha angalia kama mpira una chaki. Wa kwetu wa kushoto mbele ulikuwa nayo.

Kutoa upepo, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, kwa gari la usukani kulia lenye masta upande wa dereva hiyo ni nyuma kushoto, afu nyuma kulia, mbele kushoto, malizia mbele kulia. Mafuta ya breki nunua chupa mpya siku hiyo hiyo, DOT 3 au DOT 4 kama lilivyokuwa gari mama, yaani lile ulilotoa injini, manake mafuta haya yanavuta maji toka hewani na hewa ya Tanga mnaijua, chupa iliyokaa wazi kwenye shelfu ya gereji miezi mitatu sio mafuta tena. Ukimaliza kanyaga pedeli kwa nguvu uishikilie dakika nzima, ikizama taratibu kuna mahali panavuja au masta imechoka ndani. Usiku weka boksi jeupe lililokunjuliwa chini ya kila gurudumu na chini ya masta, asubuhi kabla ya chai nenda na tochi, doa moja tu hata dogo kama punje ya mtama maana yake hujamaliza.

Kuna jambo jingine kwenye breki ambalo mafundi wengi hawaliwazi kwa sababu wao hutengeneza magari mazima. Gari mama lilikuwa zito na breki zake zimepangwa kwa uzito ule. La kwako ni jepesi zaidi na uzito umehama kwenda nyuma au mbele, kwaiyo ule mgawanyo wa breki wa mwanzo haufai tena moja kwa moja. Ukifunga breki ghafla magurudumu ya mbele lazima yakabe kabla ya ya nyuma, ya nyuma yakitangulia gari linageuka linaenda kinyumenyume na hakuna dereva wa kulirudisha. Pima kwenye uwanja wa ndani wenye vumbi, mwendo mdogo wa km 30 kwa saa, hakuna mtu mbele, na mwenzio asimame pembeni mbali aangalie tairi tu, afu shukeni muangalie michirizi kwenye vumbi. Kama nyuma inatangulia weka valvu ya kupunguzia presha ya nyuma. Usijaribie barabarani, gari halijasajiliwa na halina bima, sisi tuliomba kwa heshima kwenye shamba moja la mkonge tukaruhusiwa barabara zao za ndani Jumapili asubuhi, na mlinzi wao akaja kuangalia akawa ndo shabiki wetu wa kwanza. Handbreki iwe na kebo zake zenyewe, ishike gari mlimani bila gia.

Usukani. Nati zote za tairodi na boljointi ziwe na pini au ziwe za kujikaza. Ile nguzo ya usukani isiwe fimbo moja iliyonyooka toka kwenye boksi mpaka kifuani kwako, iwe na viungo na kona ili gari likigonga mbele ikunje badala ya kukuchoma. Ukitoka kwenye kona na kulegeza mikono usukani urudi katikati wenyewe, usiporudi angalia mlalo wa magurudumu ya mbele. Alaimenti ya awali unaweza kuipata nyumbani kwa mshipi wa kuvulia samaki, huo mwembamba wa nailoni, unaufunga kwenye stendi mbele na nyuma ya gari pande zote mbili ukiwa umenyooka sambamba, afu unapima kwa rula toka kwenye mshipi hadi ukingo wa mbele wa rimu na ukingo wa nyuma. Sisi tuliuchukua kwa mvuvi wa Sahare, na ile milimita moja mbili ya kuelekea ndani tuliipata sawa sawa na ya mashine tulipoenda kuhakikisha baadae.

Sasa njoo kwenye kitu ambacho wengi wanakidharau, makali ya bodi. Kwenye ule ukaguzi wa IVA kanuni ni kwamba kila ukingo wa nje unaoweza kuguswa na tufe la kipenyo cha milimita 100 uwe umeviringwa kwa nusu kipenyo kisichopungua milimita 2.5, yaani ukingo usiwe kama bati lililokatwa, uwe kama mgongo wa kijiko. Huku hakuna atakayekuja na tufe ila nataka muwaze mji wetu ulivyo. Tanga ni mji wa baiskeli. Ngamiani saa kumi na mbili jioni baiskeli zinapita upande huu na huu wa gari, watoto wanatoka madrasa, mama anavuka na ndoo, akikugusa begani na madigadi yenye ukingo wa bati utamchana kama kisu hata ukiwa umesimama. Gari hili la wazi lina madigadi za nje, mabano ya taa, shina za sait mira, vifungio vya boneti, bolti zinazotokeza, vyote viko kwenye kimo cha mtoto.

Tulikosa mpira wa kipimo kile tukachukua balungi toka Muheza lenye sentimita 10, tukalizungusha gari zima kwa saa mbili, popote lilipogusa tukaweka alama ya chaki, afu tukapita tena na pamba mkononi juu ya zile alama, pamba ikinasa hata uzi mmoja pale pana kali. Tulipata sehemu sitini na kitu. Dawa zake ni rahisi, ukingo wa bati unavalishwa ule mpira wa mfereji unaowekwa kwenye milango ya magari, bolti inayotokeza inakatwa ibaki nyuzi mbili tatu afu inavishwa nati ya kofia, bano la taa linapigwa faili na msasa mpaka kidole kinateleza. Fanya hivyo hivyo ndani, dashibodi, chini ya dashibodi pale magoti yanapofika, na mgongo wa siti.

Mikanda: itoe kwenye gari mama pamoja na bolti zake, hizi ni bolti maalum za inchi 7/16 zenye nyuzi nyembamba na chuma kigumu, usibadilishe na bolti ya dukani ya kufungia geti. Pale inapofungwa usichomelee nati kwenye bomba jembamba ukaacha, weka bati nene lililochomelewa pande zote, na hili ndo lile ambalo nilisema lipige picha kabla siti haijafunika.

Kuhusu kuchomelea kwa ujumla, acha kupaka puti kwenye viungo. Najua linapendeza, ila mkaguzi mwenye uzoefu akiona kiungo cha chesisi kina puti anajua kuna kitu kimefichwa. Piga brashi, paka rangi moja nyembamba, michirizi ya welding ionekane ilivyo. Na lile bati letu la katikati tuliling'oa riveti zote tukalirudishia kwa skrubu nane, linafunguka kwa dakika tatu.

Umeme ndo ulitufelisha kwa kosa la pili siku ile ya kwanza. Nilikanyaga breki na indiketa ya kushoto nyuma ikawa inawaka kidogo kidogo nayo, na nyumbani wiki mbili kabla ilikuwa safi. Wale mnaokaa karibu na bahari hili liwekeni kichwani. Taa inahitaji njia ya kurudi, na kwenye magari mengi njia hiyo ni bodi yenyewe, sasa huku kwetu chumvi inaingia kati ya kile kichwa cha waya wa ethi, yaani waya wa kurudishia umeme, na chuma, inafanya unga wa kijani au mweupe, umeme ukikosa njia ya kurudi unapitia kwenye taa ya jirani. Nilipofungua ile nati nikakuta unga umejaa chini ya washa, ile pete ya chuma ya chini ya nati, na rangi ya chesisi ilikuwa haijakwanguliwa vizuri, kulikuwa na ukanda mwembamba tu wa chuma kinachong'aa, kama kucha ya mtoto. Dawa yake, kila taa ipewe waya wake wa ethi unaorudi mpaka sehemu moja kuu karibu na betri, pale sehemu kuu kwangua rangi mpaka chuma king'ae, weka washa yenye meno, kaza, afu paka grisi juu yake hewa isiingie. Pima kwa multimita, mguu mmoja kwenye hasi ya betri mwingine kwenye ethi ya taa, taa ikiwa inawaka, ukiona zaidi ya volti 0.2 rudi ukakwangue tena. Na upime asubuhi ya ukaguzi yenyewe, sio wiki iliyopita.

Waya popote unapopita kwenye tundu la bati uwe na kimpira chake, na ufungwe kama paipu. Indiketa ziwake kati ya mara 60 na 120 kwa dakika, hesabu kwa saa, ukiweka taa za LED kwenye flasha ya zamani zitakimbia. Taa kubwa zipange ukutani: gari kwenye sakafu iliyo sawa, upepo wa tairi sahihi, mtu akae siti ya dereva, mita 10 toka ukutani, pima kimo cha katikati ya taa toka chini, weka alama ukutani, afu mstari wa mwanga wa dimu uwe sentimita 10 chini ya hiyo alama na ule mwinuko wake uwe upande wa kushoto kwa sababu sisi tunaendesha kushoto. Kama taa zako zilinunuliwa kutoka nchi wanayoendesha kulia mwinuko utakuwa upande wa pili na hakuna skrubu ya kurekebisha hilo, badilisha taa. Kwenye magari haya mafupi angalia pia taa isiwe chini sana, vipimo vya kimataifa vinataka dimu isiwe chini ya milimita 500 toka ardhini.

Honi, vaipa, maji ya kioo, sait mira mbili, reflekta nyekundu nyuma, taa ya namba, mtungi wa kuzimia moto wenye tarehe hai, pembetatu za kuakisi. Haya hayana maelezo, yawepo na yafanye kazi.

Spidomita msisahau. Ile ya gari mama ilihesabu kwa tairi za gari mama, ukiweka tairi kubwa zaidi inasoma chini ya mwendo halisi na hilo ni kosa kubwa kuliko kusoma juu. Linganisha na programu ya GPS ya simu mle mle shambani kwenye km 30 na 40.

Mafuta: tanki lifungwe kwa mikanda ya chuma yenye mpira chini, liwe mbali na pembe za nyuma za gari, mpira wa mafuta ubadilishe wote uwe mpya hata kama wa zamani unaonekana mzima, klipu kila kiungo, na hapa pia sentimita 30 ile ile. Kofia ya tanki izibe, mfano gari likilala pembeni lisimwage. Betri ifungwe chini isicheze, na kichwa chake chanya kivishwe mpira.

Kitu cha mwisho cha kufanya nyumbani na ndo ninachokipenda kuliko vyote. Chukua toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, anza gurudumu la mbele kulia, kaza kila nati ya usalama kwa kipimo chake, usukani, breki, saspensheni, difu, mikanda, siti, na kila unapomaliza moja chora mstari mmoja wa rangi ya kucha nyekundu unaoanzia kwenye nati kuvuka mpaka kwenye chuma kilichoshikwa. Nati ikilegea hata robo mzunguko mstari unakatika na unauona ukiwa umesimama. Shangazi wa mpwa wangu alitoa chupa yake nzima na tuliimaliza. Ukimaliza mwite fundi mwingine ambaye hajawahi kuligusa gari, mpe tochi, mpe chai, mwambie tafuta kosa, na wewe ukae kimya usimwelekeze popote, kwa sababu macho yako yalishazoea.

Siku yenyewe libebe kwenye lori, usiliendeshe. Beba spana za kufungulia kila bati, fyuzi, balbu moja ya kila aina, kitambaa, lile faili. Fika mapema, tairi uzipime upepo, washa kila taa mwenzio akiwa nyuma. Mkaguzi akiuliza, jibu lile alilouliza tu, asipouliza usimweleze historia ya gari, mpe nafasi aangalie. Akikataa kitu muombe akuonyeshe kwa kidole, kipige picha hapo hapo, muombe akiandike, mshukuru, rudi nyumbani ukatengeneze hicho hicho bila kugusa vingine ambavyo ameshavikubali.

Sisi tulirudi baada ya wiki tatu. Afande yule yule. Mpwa wangu akamuamkia shikamoo, akafungua zile skrubu nane kabla hajaambiwa, bati likawekwa chini. Afande akapitisha kiganja kwenye madigadi taratibu toka mbele mpaka nyuma, akapitisha tena upande wa pili, akaingia chini na tochi, tukaona miguu yake tu. Akauliza kutokea huko chini, "Hivi vimistari vyekundu vya nini?" Mpwa wangu akalala chini pembeni yake akaanza kumweleza, na nikawasikia wanavihesabu wote wawili, kimoja kimoja, mpaka kwenye difu. Afu akatoka, akajifuta magoti, akaomba kalamu.